Mihuri Thelathini na Moja ya Sukari

Stara Olszyna, 11 Julai 1993

Mjomba Hieronim,

Shikamoo, na salamu za wote wa huku. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua, na tangu juzi hamtaki tena daktari kwa sababu kamwambia apunguze mafuta ya nguruwe. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Cheri zimeiva zote kwa mpigo, nimejaza chupa arobaini na vidole vyangu havitakati. Wewe je, kifua? Na usinidanganye, najua bado unavuta.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mume wangu Gerard amenunua mashine ya kusakia vyuma ardhini. Kaipata gulioni kwa Warusi, nadhani ilikuwa ya jeshi, ya kutafutia mabomu. Tangu siku hiyo sina mume. Anazunguka shambani na vitu masikioni, anainama kila hatua, mpaka majirani wameniuliza kama amepoteza pete ya ndoa. Kapata misumari, kapata vifungo, na kapata mihuri ya risasi, ile ambayo wafanyabiashara wa zamani walikuwa wakiibana kwenye kamba ya mzigo ili usifunguliwe njiani. Nimeweka karatasi juu ya mitatu nikasugua kwa penseli uone alama. Wewe umebana mihuri kwenye majora ya kitambaa miaka thelathini pale kiwandani, nimuulize nani mwingine?

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hiyo mitatu. Jumanne mashine ililia pale palipokuwa na banda la nguruwe la zamani. Gerard akachimba, akatoa kopo la majani ya chai lililoliwa na kutu. Ndani mna mihuri thelathini na moja, yote sawasawa. Alama yake nayo nimeitia humu.

Mjomba, unajua ninachoogopa. Wazee wa reli wanatengeneza bamba la shaba la kuweka stesheni, majina ya wenzao waliofia gerezani enzi za Wakomunisti bila hatia. Litazinduliwa siku ya Mtakatifu Katarina, msimamizi wao, Novemba 25. Jina la Baba limo kwenye orodha, na Bwana Wyrwas wa kamati ameniambia wazi kwamba litabaki humo mradi asitokee mtu wa kuonyesha kwamba kweli aliiba ile sukari ya mabehewa aliyokuwa akiyabania mihuri. Nilikuwa na miaka mitatu walipomchukua. Nimekua nikisikia kwa Mama kwamba Seweryn Maliszko hakugusa hata punje. Leo uani kwetu, chini ya udongo, kuna kopo la mihuri. Niambie ni ya vitambaa. Niambie ni ya enzi za tsar, ya chochote kile. Mama sijamwambia.

Mpwa wako,
Ludwina


Łódź, 24 Julai 1993

Ludwina mwanangu,

Marahaba, marahaba. Kifua kinakohoa nami nakiacha kikohoe, tumezoeana. Joto hapa mjini limezidi, mama wa ghorofa ya juu anafua kila siku na maji yananidondokea dirishani. Mbusu dada yangu Apolonia mikono yote miwili. Yeye ndiye aliyenilea tulipobaki yatima, kwa hiyo mwambie na mimi namkataza mafuta ya nguruwe, tuone atanifanya nini.

Gerard mpe pole. Mwambie kuna wanaume wananunua pikipiki wakifika umri huo, yeye ana nafuu.

Mihuri yako mitatu imenipa raha ya wiki nzima. Ule wenye tai wa vichwa viwili ni wa forodha ya Mrusi. Ulibanwa mpakani, na mzigo wake ulikuwa wa mtu mkweli, maana wa magendo haupati muhuri! Wenye nanga ni wa kitani, naona umetoka upande wa Riga. Wa tatu umenichekesha sana, mama. Ni wa hapa hapa Łódź, wa kiwanda kilichokuwa mtaa wa pili kutoka kwangu, siku hizi ni ghala la matairi. Ugeuze uangalie mgongo wake kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vimistari vimepishana. Hizo ni nyuzi za kitambaa chenyewe, kilibanwa kwa nguvu mpaka kikaacha sura yake kwenye risasi. Kitambaa kimeoza miaka mia iliyopita lakini mimi naweza kukwambia kilikuwa cha sufu nzito ya koti.

Usisugue kwa brashi ya waya, nakuomba. Maji na mswaki laini, basi. Wala usiweke kwenye lile sanduku la mwaloni la babu yenu, mwaloni unaila risasi mpaka inageuka unga mweupe. Na unawe mikono kabla ya kukanda unga.

Hiyo ya kwenye kopo sikuiona vizuri, penseli yako ilikuwa ngumu. Isikushughulishe.

Mjomba wako,
Hieronim


Stara Olszyna, 8 Agosti 1993

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Mama, sehemu ya mafuta, kacheka mpaka machozi. Ndama tumemwita Hrabina, kama bibi wa kikabaila, kwa sababu anakula kwa madaha. Ngano imeanza kuvunwa, mvua ikikubali.

Unaniambia isinishughulishe. Inanishughulisha! Silali vizuri, Mjomba. Nimenunua penseli laini, nimesugua upya mitano, hii hapa. Nimeigeuza mgongo kama ulivyonifundisha, haina nyuzi za kitambaa chochote. Ina vitundu viwili vya waya na waya wenyewe haumo. Haikukatwa. Kila mmoja umetobolewa kwa upande, katundu kadogo safi, kama kazi ya fundi saa. Upande mmoja naona picha ya kiazisukari na majani yake. Upande wa pili namba, chini yake 51. Kama ni mwaka, ndio mwaka waliomchukua Baba.

Dukani Jumamosi mke wa Szczygło alisema kwa sauti ili nisikie, eti siku hizi kila mwizi anapewa shaba. Nimeacha mkate kaunta nikaondoka. Nusu ya njia nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeulipia.

Niambie kweli, hata kama ni mbaya. Nikijua nitakwenda mwenyewe kwa Bwana Wyrwas nimwombe alifute jina kimyakimya, kabla halijafutwa mbele za watu Mama akiwa amevaa nguo yake nzuri. Au njoo uione kwa macho yako. Tangu mwaka 52 hujakanyaga hapa, kila mara ni sisi wa kukufuata Łódź. Treni ipo, na kitanda kipo.

Ludwina


Stara Olszyna, 5 Septemba 1993

Mjomba, shikamoo. Wiki nne sasa. Unaumwa? Kama unaumwa mwambie jirani aandike mstari mmoja. Mama anauliza barua, nasema posta. Bwana Wyrwas anataka orodha ya mwisho mwanzoni mwa Novemba, bamba lipelekwe kuchorwa.

L.


Łódź, 14 Septemba 1993

Ludwina,

Marahaba. Niliumwa kidogo, nimepona. Uyoga umeshaota huko? Hapa sokoni unauzwa kwa bei ya dhahabu.

Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Hiyo si 51, ni 31. Ni mihuri ya magunia ya sukari ya kabla ya vita, kila stesheni ilikuwa imejaa takataka za namna hiyo. Pengine mwenye nyumba wa kwanza aliikusanya kwa kuvulia samaki. Mwambie Gerard aiyeyushe atengeneze chubwi za ndoano zake, risasi nzuri ile, au muitupe mtoni.

Na kwa hilo bamba, ningekuwa wewe ningeliacha. Jina likiwa ukutani, kila mpita njia analitolea maneno. Seweryn amepumzika. Mwache apumzike.

Hieronim


Stara Olszyna, 3 Oktoba 1993

Mjomba,

Sianzi na habari za ndama leo, unisamehe.

Nilikuamini. Barua yako ilipofika nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, kweli kabisa, mwaka thelathini na moja, kabla ya vita, Baba hamo! Nikampa Gerard kopo. Jana mchana akawasha jiko, akaweka mihuri kwenye upawa wa zamani, mimi nikimenya viazi. Mitatu ilikuwa imeanza kulegea. Mama akaingia na ndoo. Tulidhani yuko kwa jirani.

Akauliza, "Mnapika nini hicho?"

Gerard akasema, "Chubwi, Mama. Tumechimbua mihuri ya zamani bandani, Mjomba Hieronim anasema ni takataka ya kabla ya vita."

Mama aliweka ndoo chini. Akauchukua muhuri mmoja ambao haujaingia upawani, akaenda nao dirishani. Akaupapasa ubavuni. Kisha akasema, "Ilitobolewa kwa sindano." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Baba yako alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Nilikuwa namfungia mimi kila asubuhi."

Nilikuwa nimesahau, Mjomba. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa na lile bomu la mwaka 44. Koleo la kubania muhuri alilishika kwa mikono miwili, ndivyo Mama anavyosema, kama mtu anayekama ng'ombe. Sindano asingeweza.

Nikautoa upawa jikoni. Ishirini na minane imebaki mizima. Nikaitazama tena kwenye jua, na ni 51, mtu yeyote mwenye macho anaona kuwa ni 51. Na wewe una macho kuliko sote.

Halafu nikakumbuka kitu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekuja kwako likizo, ukanipeleka kiwandani. Msimamizi alikuwa amebana muhuri kwenye jora lisilo lake, wakakuita. Ukapasha sindano kwenye kiberiti, ukaipenyeza ubavuni, ukachomoa waya bila kuuvunja muhuri. Wote walipiga makofi. Nilijivuna siku hiyo, nilikuwa mpwa wa fundi.

Mama tangu jana anakula mkate mkavu, supu anairudisha.

Nakuuliza mara moja tu. Nani alifungua mihuri hii?

Ludwina


Łódź, 15 Oktoba 1993

Ludwina,

Mimi.

Nimeandika hilo neno kwanza ili nisiweze kurudi nyuma. Nimechana karatasi sita kabla ya hii.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifanya kazi kwenye reli ya pembeni, kupima mizigo, na nililala jikoni kwa dada yangu, kwenu. Mabehewa ya sukari yalikuwa yakisimama hapo usiku kucha yakingoja injini. Tulikuwa watatu, wale wawili wameshakufa. Gunia moja kwa kila behewa, tukifikiri halitaonekana. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mwepesi, kwa hiyo muhuri ulikuwa wangu. Mwanzoni nilikuwa nikirudisha ule ule, lakini ukishatobolewa unalegea. Ndipo nikaanza kuchukua koleo la Seweryn. Lilikuwa likining'inia kwenye msumari karibu na koti lake. Nilibana mihuri mipya kwenye waya ule ule kwa namba yake, nikalirudisha kabla hajaamka. Mara thelathini na moja, Ludwina. Sikufikiria namba. Nilifikiria viatu nilivyotaka kununua.

Sukari ilipopimwa mwisho wa safari ikaonekana pungufu. Wakasoma mihuri, wakakuta namba ya Seweryn. Milisia, polisi wa enzi hizo, walikuja tukiwa mezani, wewe ulikuwa umempakata paka. Wakamwekea koleo mbele yake, wakauliza ni la nani. Aliliangalia, akaniangalia mimi. Alijua saa ile ile, nakuapia. Akasema, "Koleo ni langu." Hakuongeza neno.

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama yako alinishika mkono chini ya meza, akanibana mpaka kucha zikaingia. Hili usimsomee.

Walimpa miaka minane. Alikufa msimu wa baridi wa pili, unajua. Kopo nililifukia siku moja kabla sijaondoka kuja huku. Nilijiambia ni ushahidi, kwamba siku moja nitalifukua nionyeshe matundu ya sindano, Seweryn asafishike. Nimeutunza ushahidi miaka arobaini na mmoja mahali ambapo hakuna mtu angeuona. Ulipoandika kwamba Gerard kalipata, nilikaa sakafuni.

Humu mna karatasi nyingine. Nimeandika yote, nimetia sahihi, mwanasheria ameigonga muhuri. Binti yangu hajui, na kanisani kwangu mimi ndiye ninayepitisha kapu la sadaka, lakini hayo ni ya kwangu. Ifanyie utakavyo. Ukiichoma sitakulaumu, na ukiipeleka sitakulaumu.

Hieronim


Łódź, 10 Novemba 1993

Ludwina, umeipata? Uliipeleka? Tarishi ananipita kila siku, nimeanza kumsubiri mlangoni kama mbwa. Niandikie chochote, hata matusi. H.


Stara Olszyna, 27 Novemba 1993

Mjomba,

Niliipata. Nilinyamaza kwa makusudi, nilitaka ungoje. Sasa naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimsomea Mama barua yote, na lile uliloniambia nisisome nililisoma. Siku ya Marehemu, tumetoka makaburini kuwasha mishumaa, bado amevaa kitambaa chake kichwani. Hakulia. Alisema, "Nilidhani watampa miezi sita. Yeye ni mtu mzima, atarudi. Yule mtoto wangemuua." Kisha akasema tena, "Miezi sita," kama mtu anayebishana na hakimu. Na alijua kwamba Baba anajua. Walielewana kwa macho tu, hakuna aliyesema lolote, wala gerezani alipokwenda kumwona hawakulisema.

Nikamuuliza, "Nipeleke karatasi?"

Akasema, "Nitakwenda mwenyewe. Karatasi ya nini, mdomo ninao."

Tulikwenda kwenye kamati tarehe saba, chumba cha kungojea cha stesheni, wazee tisa na birika la chai. Mama alisimama kwa fimbo. Akasema, "Mume wangu hakuiba. Alinyamaza kwa sababu nilitaka anyamaze. Kosa ni langu, mimi Apolonia. Andikeni jina lake." Akaketi. Nilimpenda kupita maelezo.

Bwana Wyrwas hakuwa mkali. Alisema, "Mama, tunakuheshimu. Lakini kama si yeye, ni nani? Hatuwezi kuandika kwenye shaba kwa kuambiwa tu na mjane."

Mama akasema, "Nimesahau."

"Umesahau, Mama?"

"Nina miaka sabini na tisa. Nimesahau."

Alikuwa anakuficha tena, Mjomba. Mbele ya watu tisa, kwa macho makavu, alikuwa tayari Baba abaki mwizi milele ili wewe usiguswe. Mzee mmoja alishafungua kifuniko cha kalamu avute mstari juu ya jina. Nikaona ni mimi tu niliyebaki. Mama akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Ludwisia, usithubutu."

Nikatoa karatasi mkobani nikaisoma yote. Jina lako nililitamka mara mbili, kwa sababu mzee mmoja hasikii vizuri. Nikawamwagia mihuri ishirini na minane mezani, nikawaonyesha matundu. Yule mzee asiyesikia alikuwa mbana mihuri wa stesheni ya jirani. Aliushika mmoja, akasema Seweryn asingeweza, yeye mwenyewe aliwahi kumsaidia kuwasha sigara. Kalamu ikafunikwa.

Juzi bamba limezinduliwa. Baba ni wa nne kutoka juu, kati ya dereva wa injini na mlinzi wa njia panda. Padri alinyunyiza maji ya baraka, theluji ilikuwa inaanguka, mke wa Szczygło alininyooshea mkono, sikumpa kwa moyo lakini nilimpa. Niliigusa kila herufi ya jina lake. Nina miaka arobaini na mitano na ni mara ya kwanza ninayokumbuka kumgusa Baba.

Mama hakuja. Tangu ile tarehe saba hajasema nami hata neno. Si ugomvi. Ananipakulia chakula, ananifunika nikisinzia kwenye kiti. Lakini hasemi. Anazungumza na Hrabina zizini, mambo mengi, nasikia jina lako, na nikisukuma mlango ananyamaza. Wiki tatu sasa. Gerard ameacha hata mashine yake, anakaa jikoni akitazama mara mimi mara yeye.

Sijakusamehe. Sijui hata inafanywaje, na ningekudanganya nikisema inaanza. Lakini kuna jambo ambalo mimi siwezi kulifanya na Gerard hawezi na padri hawezi. Mama anadhani amewapoteza wote wawili, mume na ndugu, na wa pili nimempotezea mimi. Njoo umwonyeshe uso wako. Si kwa ajili yangu.

Ludwina


Łódź, 4 Desemba 1993

Ludwina,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Binti yangu nimemwambia. Akaniuliza kama nina soksi za sufu za safari.

Nimekata tiketi Jumatatu. Jumanne nikairudisha, nikamwambia yule msichana wa dirisha la tiketi kwamba naumwa. Jana nikakata nyingine. Akanitazama akasema, "Babu, safari hii umepona?" Nikamwambia sijui.

Nafika Alhamisi, saa nane mchana. Dada usimwambie, ataanza kupika na miguu yake ile. Njoo wewe na Gerard, mje wote wawili. Treni husimama hapo kwenu dakika mbili tu. Ukiona watu wote wameshuka na mimi simo, panda uniteremshe.

Hieronim